UAMINIFU BILA UJUZI HUGANDISHA SARUJI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Tabora alinisubiri mlangoni, viatu vyake mkononi. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na amepata nafasi chuoni kusomea shahada ya ugavi na usafirishaji. Mzee hakuwa na furaha. Akaniambia: "Shehe, mimi nilitaka awe daktari au mwalimu. Yeye anataka kwenda kuhesabu magunia ghalani. Halafu hao watu wa manunuzi si ndio tunaosikia kila siku wamekula hela za umma? Nimruhusu?"

Nilimjibu kwa kifupi, jua lilikuwa kali. Leo nalijibu kwa urefu, maana huenda nawe unayesoma hapa unaye kijana wa namna hiyo nyumbani, na huenda wasiwasi wako ni ule ule.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunajenga madrasa, nami nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Waumini walichanga kidogo kidogo. Mama mmoja mjane, muuza vitumbua, alikuwa akileta Sh 2,000 kila Ijumaa, ameifunga kwenye pindo la khanga. Fedha zilipofika mahali pazuri tukasikia saruji itapanda bei. Tukanunua mifuko 120 kwa mkupuo mmoja, tukaipanga juu ya sakafu ya udongo, tukaiegemeza ukutani. Mchanga ulikuwa haujaja. Fundi alikuwa kwenye kazi nyingine. Mvua za Novemba zikaingia. Tulipofungua stoo mwezi Machi, mifuko ya chini na ile ya ukutani ilikuwa mawe. Zaidi ya 40 tuliitupa shimoni.

Ndugu yangu, hakuna aliyeiba hata kilo moja. Daftari lilikuwa safi na risiti zote zipo mpaka leo. Tulikuwa waaminifu, na mali ya Allah ikapotea mikononi mwetu.

Kijana mmoja aliyesoma madrasa yetu alikuja likizo. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea ugavi. Akaniuliza kwa adabu: "Ustadh, fundi alikuwa anaanza lini? Kwa wiki anatumia mifuko mingapi? Kwa nini hamkukubaliana bei na mwenye duka, mkachukua kwa awamu? Na kwa nini hamkuweka mbao chini ya mifuko?" Maswali manne, na sikuwa na jibu hata moja. Yeye alikuwa anafundishwa darasani kile ambacho mimi nilikilipia kwa sadaka ya mjane.

Sasa rudi kwenye Surat Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alipotoka gerezani na mfalme wa Misri akamkubali, aliomba akabidhiwe hazina za nchi. Alijieleza kwa sifa mbili: kwamba yeye ni mtunzaji, na kwamba yeye ni mjuzi. Hakutaja moja akaiacha nyingine.

Tazama kazi aliyoifanya. Inakuja miaka 7 ya neema, kisha miaka 7 ya ukame. Akaelekeza watu walime kwa bidii, wale kidogo, na kinachobaki kiachwe kwenye masuke yake. Mkulima wa mtama anaelewa hekima hiyo: nafaka iliyo kwenye suke hukaa kuliko iliyopukuchuliwa. Njaa ilipofika, hata watu wa mbali walikuja, na wafasiri wanaeleza kwamba kila mtu alipimiwa mzigo wa ngamia mmoja ili akiba iwatoshe wote. Kukadiria mahitaji, kukusanya mapema, kuhifadhi vizuri, kugawa kwa kipimo. Haya ndiyo mambo wanayofundishwa vijana wetu vyuoni, wakiongezewa hesabu, sheria za mikataba, zabuni, forodha na kompyuta.

Mzee wangu, Nabii wa Mwenyezi Mungu alisimamia maghala. Tusiidharau kazi ya kuhesabu magunia.

Na sisi wa Tabora ndio watu wa mwisho wa kuidharau. Mji huu ulikua kwa sababu ya mizigo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wana matembe yao na bohari zao. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa na kupanga mizigo upya. Wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji, wengine wakapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mabega yaliyobeba mizigo hiyo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya babu zetu Wanyamwezi. Walisafiri kiangazi na kupanga kurudi kabla ya msimu wa kulima. Kirangozi alitangulia mbele. Posho ilihesabiwa kwa vitambaa na shanga, na aliyekosea hesabu alilaza watu njaa porini.

Lakini tusifiche jambo. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu waliofungwa minyororo. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO kwa jina hilo hilo, njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Wengi wa wenye misafara walikuwa wanaswali kama mimi na wewe. Walijua hesabu ya siku, ya posho na ya vituo vya maji. Ujuzi walikuwa nao. Hawakujiuliza: nimebeba nini, na nitamjibu nini Mola wangu juu ya mzigo huu?

Kwa hiyo ujuzi bila amana ulipita hapa hapa mjini kwetu na ukaacha kovu. Na uaminifu bila ujuzi uligandisha saruji ya madrasa. Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa na vyote viwili.

Nije kwenye hofu ya pili ya mzee, rushwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na lugha yetu imeitunza. Zamani hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watemi ili upite na upate maji, hasa kule Ugogo. Leo neno hilo hilo lina maana ya rushwa. Palipo na mzigo na njia, shetani naye hukaa kando ya njia.

Mtume wetu (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn Lutbiyyah kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfuata huko? Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kila afisa ununuzi angeibandika ukutani mbele ya meza yake. "Chai" ya mzabuni, simu mpya ya sikukuu, mafuta ya gari: ujiulize, ningekuwa nimekaa kwa mama yangu, angeniletea?

Je, dawa ya rushwa ni watoto wetu wema kuikimbia kazi hiyo? Hapana. Tukifanya hivyo tumewaachia viti wasiomwogopa Allah, kisha tukae barazani kulalamika. Serikali imeweka vizuizi vyake: Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ipo kwa sheria ya mwaka 2007, na zabuni za umma sasa hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Lakini mfumo hautazami moyo. Moyo tunaulea sisi, nyumbani na madrasa.

Tena mzee alisema alitaka binti awe daktari. Ni kheri kubwa. Lakini daktari ataandika dawa ambayo lazima iwepo dirishani. Hapa Tabora tuna kanda ya Bohari ya Dawa, MSD. Kati ya ghala lile na zahanati ya kijijini Kaliua au Sikonge kuna mtu anayepaswa kujua kijiji kinatumia dozi ngapi za malaria msimu wa mvua, barabara ipi hukatika, na kopo lipi linaisha muda wake mapema ili litoke mapema. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na jokofu likizima njiani mtoto hudungwa maji tu. Mtu huyo akikosea, mama huambiwa "dawa hakuna" naye ametembea saa tatu na mtoto mgongoni. Kwenye umma, kuwa na watu wanaojua kazi hii ni fardhi ya kutosheleza. Wakikosekana kabisa, dhambi ni yetu sote.

Na asiseme mtu kuwa hii si kazi ya mwanamke. Mama yetu Khadija (R.A.) alikuwa na mali iliyokwenda Sham kwa msafara. Alichagua mwenyewe wa kuisimamia, na alimchagua kwa uaminifu wake.

Ndugu zangu, reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Babu zetu wengi waliikuta kazi ya kubeba tu. Sasa treni za umeme zinakimbia Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, na reli hiyo ya kisasa inajengwa kuja kwetu: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Tabora hadi Kigoma. Itakapofika, nani atakaa ofisini kupanga mabehewa ya asali na mpunga wetu? Au watoto wetu watasimama dirishani kuuza karanga kwa abiria?

Basi nasihi yangu ni hii. Kama kijana wako amechagua elimu hii, mruhusu. NIT pale Mabibo ipo tangu 1975, CBE tangu 1965, Mzumbe wanafundisha ununuzi na ugavi, na hapa hapa tunacho Chuo cha Reli. Hakikisha chuo na kozi vinatambulika kabla ya kulipa ada. Mwambie asiogope hesabu. Na kabla hajapanda basi, mkalishe, msomeshe upya Surat Yusuf na Surat Al-Mutaffifin, ajue wapunjaji wa vipimo wameahidiwa nini.

Nawe uliye kwenye kamati ya msikiti, usiwe kama mimi. Watafute vijana hawa, wape daftari la ujenzi, wasikilize. Umri wako hauzuii saruji kuganda.

Yule mzee alinipigia juzi jioni. Hakusema amekubali. Aliuliza tu basi la Dar es Salaam linaondoka saa ngapi alfajiri. Nikamtajia saa, nikamwombea dua binti yake.

Ewe Mola, wajaalie watoto wetu wawe watunzaji na wajuzi, na utusamehe amana tulizozipoteza kwa kutojua. Aamiin.

Ukiona lina manufaa, mfikishie mzazi mwenzio. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.