Usiniulize Bei, Niambie Umeitoa Wapi

Tangu nianze kuposti mambo ya kale ya huku kwetu Mtwapa, inboksi yangu imekuwa kama banda la mnunuzi wa vyuma chakavu. Picha ya kitu chenye kutu, imepigwa gizani, halafu maneno matatu: "Hii pesa ngapi?" Hakuna salamu, hakuna "nimeipata mahali fulani". Bei tu.

Najua imetoka wapi. Sote tumetazama zile vidio za Waingereza wakizunguka shambani na ditekta, inalia, jamaa anachimba kidogo, anatoa dhahabu, anapiga ukelele. Na sasa hapa Pwani kuna wasee wamenunua hizo mashine. Wengine mashine hawana lakini macho wanayo, maji yakipwa wanapita ufuoni wakiangalia chini. Hobi poa, mimi naipenda. Ila kuna kitu zile vidio hazikuonyeshi sana. Uingereza wana sheria ya hazina ya 1996, na toka 1997 wana mpango wenye maofisa ambao kazi yao ni kukaa na raia aliyeokota kitu, wamwambie ni nini, waandike alikokiokota. Ditekta ni nusu ya hobi. Nusu ya pili ni yule ofisa. Sisi tumenunua nusu ya kwanza tukaanza kuchimba.

Vitu vingi mnavyonitumia ni rahisi kuvitambua, wallahi. Sarafu yenye tundu la duara katikati na pembe za ndovu pembeni ni senti za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni, nyanya yako huenda anazo kwenye kopo la vifungo. Ile kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780 ni ya Maria Theresa, na huo mwaka usikutie kiwewe, kwa sababu zote zinaandikwa 1780, hata zilizotengenezwa miaka mia na zaidi baadaye. Ukiona mizani na maandishi ya Kiarabu, hapo tulia: yaweza kuwa pesa ya Sultani Barghash wa Unguja, au ile ya kampuni ya Waingereza iliyoandikwa Mombasa 1888. Tundu likiwa la mraba, hiyo ni ya Kichina. Usicheke. Mambrui, juu kidogo ya Malindi, wachimbuzi wa Kichina na wa Kenya walitoa moja mwaka 2010, ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Kisiwani Manda ikatoka nyingine, ikatangazwa 2013.

Sasa swali langu. Kama sarafu ya Yongle unaweza kuinunua kwenye mtandao, na unaweza, kwa nini ile ya Mambrui ilifika kwenye habari za dunia? Ni kwa sababu ilitoka ardhini Mambrui, na kuna watu walioandika imetoka tabaka gani na ilikuwa na nini ubavuni.

Nitawapa mifano miwili, na hapa naomba msiskroli.

Mwaka 1944 askari wa rada wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Akakaa nazo hadi 1979 alipozituma kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa yetu hii, Australia! Utambuzi ulikwisha zamani, lakini zimefikaje huko? Meli ya Waswahili? Mreno? Mholanzi aliyekuwa nazo mfukoni? Hadi leo watu wanabishana, maana zilikuwa mchangani tu, na mchanga hauna ushahidi wa kutoa.

Mfano wa pili ni Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Wachimbuzi walipata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vidogo vidogo, vyenye majina ya watawala wa huku wenyewe kama Ali bin al-Hasan. Hazina mwaka. Peke yake, hata moja isingekwambia ni ya lini. Lakini pamoja nazo kulikuwa na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri, na hizo zina mwaka. Basi dhahabu ikazitolea fedha umri: karne ya 11. Fikiria kama mtu wa ditekta angetangulia, akabeba dhahabu, akaacha "vile vidogo". Dhahabu ingepata mnunuzi, na historia ya pesa za Waswahili ingebaki na shimo.

Ndiyo maana naanza na umeitoa wapi.

Halafu kuna kitu mnachokitupa kila siku: mavi ya chuma. Lile jiwe zito jeusi lenye vitundu kama sponji, ditekta inalilia, unachimba, unalaani, unarusha. Hilo ni taka la tanuri la mtu aliyeyeyusha chuma. Al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 kwamba watu wa Malindi walikuwa na chuma na biashara yake. Lundo la mavi ya chuma kwenye ploti ya mtu linaweza kumaanisha kiwanda kilikuwa hapo. Kwa kilo halina hata bei.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakataza kutafuta mambo ya kale bila leseni. Kitu cha kabla ya 1895 kilicho ardhini ni cha serikali, na ukikigundua unatakiwa utoe taarifa ndani ya siku 7. Kwa hivyo kwenda na ditekta Jumba la Mtwana usiku si ujanja. Ule mji una misikiti minne na umri wa miaka kama 600, usiufanye shamba la muhogo.

Lakini sheria peke yake haitoshi, na hapa ndipo nagombana na wakubwa. Huku Mtwapa anayegundua vitu si mimi na kamera yangu. Ni kijana wa kuchimba mashimo ya choo, anayelipwa kwa futi, kwenye ploti za hizi apatimenti mpya. Akisema nimeona kitu, kazi inasimama na mwenye ploti anamtafuta mwingine. Akinyamaza, anauza kwa kilo jioni hiyohiyo. Wewe ungefanya nini? Uingereza, makumbusho ikitaka hazina inailipia, na kawaida aliyeokota na mwenye shamba wanagawana. Sisi tunampa taarifa ya faini halafu tunashangaa ananyamaza.

Mimi nataka kitu kidogo: meza. Jumamosi moja kwa mwezi, pale getini Jumba la Mtwana, mtaalamu mmoja wa makumbusho, daftari, mizani na simu ya kupigia picha. Ulete ulichokiona, uambiwe ni nini, liandikwe jina lako na mahali. Usiulizwe kama mwizi. Mimi nitatangaza bure, nitaleta na viti. (Chuo niliacha, lakini kupanga viti naweza.)

Kabla ya hiyo meza, ukinitumia picha, fanya hivi. Usikisugue kwa ndimu wala ukwaju kama sinia la harusi, maandishi ya shaba nyembamba yanaondoka na uchafu. Piga pande zote mbili mchana, weka shilingi 10 ubavuni nione ukubwa. Niambie kijiji gani, kina cha futi ngapi, na kulikuwa na vigae, mifupa au makaa karibu. Kama bado kiko ardhini, kiache hapohapo unipigie.