Old Spice si ya Mababu Pekee

Nawasikia mkicheka Old Spice, eti ni ya babu anayeenda baraza ya chifu. Sawa, ya wanaume ilitoka 1938. Lakini inuseni vizuri: karafuu, mdalasini, kungumanga. Hiyo ni pilau, manze! Zanzibar ilikuwa ikiuzia dunia karafuu kitambo kabla ya hiyo chupa.

Na asubuhi ya Kitale, huku juu mita 1,900, nataka harufu ya joto kama chai ya tangawizi, si peremende. Nyinyi mnalipa kujaziwa pafyumu feki ndio mnuke wote sawa. Haikai siku nzima, nakubali. Afadhali hivyo, maana mkijimwagia kwa matatu ya Bungoma, madirisha yamefungwa, tutakohoa hadi Kiminini. Matone mawili, tafadhali.