Chumba Kimoja, Kitanda Kimoja, Bei Kamili

Barua nyingi zinazotufikia siku hizi zinatoka kwa kina dada wanaotaka kujiajiri katika kazi ya kutunza ngozi. Baadhi wameshasoma na vyeti wanavyo. Wengine bado wanapiga zamu kwenye nyumba za wazee, na Jumamosi wanasafisha nyuso za marafiki sebuleni. Wote wanauliza mambo mawili: nianzeje, na nitapataje wateja wa kudumu? La kwanza tutalijibu kwa ufupi, kwa kuwa majibu yake yanajulikana. La pili linatugusa sisi tunaolala kwenye vitanda vyao, na hapo jarida hili lina neno.

Uingereza haina leseni moja ya taifa kwa wanaosafisha uso. Mtu yeyote anaweza kununua kitanda cha kukunja, taa yenye kioo cha kukuza na mashine ya mvuke, kisha akatangaza bei. Ulegevu huo usikudanganye, dada. Kampuni ya bima itataka kuona cheti, na bila bima usimguse mtu uso. Mafunzo ya ngazi ya 2 hutosha kwa usafishaji wa kawaida. Mashine za umeme zinataka ngazi ya 3. Ndani ya London, halmashauri nyingi hudai leseni ya huduma maalumu, chini ya sheria ya mwaka 1991, kwa masaji, mvuke na tiba za mwanga au umeme. Wapigie simu kabla hujasaini mkataba wa chumba. Mapato yakizidi pauni 1,000 kabla ya kutoa gharama, ndani ya mwaka wa kodi unaoanza Aprili 6, jiandikishe kwa mamlaka ya kodi, HMRC, kabla ya Oktoba 5 inayofuata. VAT isikukoseshe usingizi. Inadaiwa mauzo yakipita pauni 90,000.

Kuna jambo moja hapa tunalisema kwa uzito. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, hata kwa mteja mmoja wa Jumamosi. Aliyeletwa na mwajiri kwa kazi ya kuhudumia wazee naye ana masharti yake, na hayo ayaulize kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hajapokea senti. Mtu asihatarishe makazi aliyoyahangaikia miaka mingi kwa sababu ya pauni za kusafisha uso mmoja.

Sasa tuje kwetu. Tunawahitaji hawa dada kuliko tunavyokiri. Kipimo cha ngozi kinachotumiwa katika mafunzo na kwenye mashine za leza ni kile alichokitunga daktari wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975. Kilianza na aina nne, zote za watu weupe. Aina ya tano na ya sita, za watu wa kahawia na weusi, ziliongezwa baadaye. Na ngozi yetu haisamehi kazi ya kubahatisha. Asidi ikikaa dakika moja zaidi, chunusi ikibinywa kwa kucha, au leza ikifyatuliwa kwa kiwango cha ngozi ya mtu mwingine, kidonda kitapona lakini doa jeusi litabaki miezi. Kwa kuondoa nywele, leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064 ndiyo salama zaidi kwetu, kwa kuwa melanini huinyonya kidogo. Ukimuuliza mtoa huduma anatumia leza gani na yeye hajui, chukua koti lako uondoke.

Anayeijua kazi huanza na maswali. Anakukalisha kitini kwanza, kabla ya kitanda. Anauliza dawa unazokunywa, kama una mimba, kama makovu yako huvimba yakapita mpaka wa jeraha, na unapaka nini nyumbani. Kwenye swali hilo la mwisho sauti za wengi hushuka. Atakuomba uje na vikopo vyako vyote kwenye mfuko, hata kile kisicho na lebo. Kisha ataweka tone la dawa nyuma ya sikio na kukurudisha nyumbani kwa siku moja au mbili, aone kama utawashwa. Tunasikia watu wanalalamika: nimetoka Croydon mpaka huku, nimepakwa tone moja tu! Ndugu, kwa tone hilo amekuepusha na uso ulioungua. Mtu wa namna hiyo mshikilieni.

Mshikilieni kwa kumlipa. Tuchukue mfano wa siku moja ya kazi. Uso mmoja ni pauni 45 na wateja ni 4, kwa hiyo ameingiza pauni 180. Chumba cha nyuma ya saluni anakipanga kwa pauni 50 kwa siku. Dawa, glavu, pamba na barakoa za wateja hao zinakula pauni 24, na mashine ya kadi inakata kama 3. Mkononi zinabaki pauni 103 kwa saa 8, yaani chini kidogo ya 13 kwa saa, na hapo hajalipa bima wala kodi, wala hajafua mashuka. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21. Sasa mteja mmoja asitokee, tena bila hata ujumbe. Zinabaki kama pauni 65. Au waje wote wanne, na kila mmoja aseme, "Nipunguzie kumi, dada, mimi si mwenzio?" Zinabaki 64. Pauni nane kwa saa! Kwa fedha hizo, bora angebaki kwenye zamu.

Haya hatufanyi kwa roho mbaya. Tumezoea kuwa aliye wetu hatutozi kama mgeni. Lakini tukienda kliniki ya barabara kuu tunatoa kadi kimya kimya, na tukichelewa dakika ishirini tunakubali kwamba miadi imepotea. Dada wa peke yake hana mtu wa mapokezi wa kusema hapana kwa niaba yake. Kwa hiyo akiomba arubuni ya pauni 15 unapoweka miadi, mpe, na usipokuja, usiidai. Nanyi kina dada, bei iandikeni, ionekane, isibadilike kwa shangazi wala kwa mke wa mwenyekiti.

Bei zikibanwa ndipo mkorogo unapoingia. Kikopo kinauzwa kwa dakika mbili, hakihitaji kitanda wala bima, na mteja hurudi kwa sababu akiacha uso unawaka na kuwa mwekundu. Tiba ya kweli ya chunusi inataka wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha kitu, na tiba ya madoa haiendi popote bila mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata Januari. Tunaelewa kishawishi hicho, na bado tunasema hapana. Haidrokwinoni hairuhusiwi katika vipodozi nchi hii. Hutolewa kwa agizo la daktari tu, na ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuacha ngozi na weusi wa kibluu usiotoka. Steroidi kali kama klobetaso hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika michirizi. Zebaki huharibu figo na neva na humfikia mtoto tumboni. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki viondolewe kabisa kufikia 2025. Hata hivyo, halmashauri ya Southwark imewafikisha mahakamani wenye maduka wengi kwa kuuza mafuta haya, na wanunuzi wake ni mama zetu na binti zetu.

Kukua kupo bila mkorogo. Wanaume wetu wenye vipele vya ndevu karibu hakuna anayewahudumia, na wengi wangelipa kwa furaha. Kuna maharusi, ambao wakianza miezi mitatu kabla ya sherehe hulipia vikao kadhaa kwa mkupuo. Hapo ujuzi wa pwani una nafasi yake: Zanzibar, Mombasa na Lamu, aliyemsinga bibi harusi kwa singo na liwa alikuwa mtu wa heshima na alipewa haki yake. Wanaotaka kuuza singo kwenye vikopo wajue kwamba kipodozi chochote kinachouzwa hapa lazima kwanza kifanyiwe tathmini ya usalama na mtaalamu, kiwe na mhusika anayewajibika aliye Uingereza, na kiandikishwe serikalini. Na limau libaki jikoni. Likipakwa usoni na jua likapiga, huunguza.

Mashine zisinunuliwe kwa mkopo wa riba kubwa. Upatu wa watu kumi wanaoaminiana umeshanunua cherehani na majokofu. Unaweza kununua kitanda kizuri na taa.

Kamati ya jarida imekubaliana hivi. Kuanzia toleo lijalo hatutapokea tangazo la mafuta ya kung'arisha ngozi, hata kama mtangazaji ni mfadhili wa sherehe zetu. Nafasi hiyo tunaipa bure, kwa matoleo matatu, kina dada na kina kaka wanaofanya kazi ya ngozi peke yao, wakituonyesha cheti na bima iliyo hai. Bei zitachapishwa pamoja na tangazo, na sharti la arubuni pia, ili mteja asiseme hakujua. Nakala zimfikie mhariri kabla ya mwisho wa mwezi, au akabidhiwe katibu siku ya mkutano mkuu.