Shetani Anapokaa Kwenye Karatasi

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka saba, akaninong'oneza: "Daktari, huyu ana shetani." Mtoto alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miaka mitatu, na kwa wiki kadhaa hakusema neno. Ukutani mwa chumba changu hapa Mwanga, Kigoma, ipo picha niliyoikata kwenye kalenda: mashetani wa George Lilanga, wenye masikio makubwa na midomo wazi, wamebanana kwa rangi kali. Mtoto aliwatazama, akacheka. Nikampa karatasi na penseli.

Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alikuwa mchongaji kabla ya kujulikana kwa picha zake alizochora Dar es Salaam, katika Nyumba ya Sanaa. Wapo wanaomweka pamoja na wachoraji wa sanaa ya pop, kwa mistari yake minene na rangi zisizo na kivuli. Mimi naona zaidi ukoo wake wa Kimakonde, ambako shetani huchongwa, hupewa umbo, na watu wakamcheka. Hofu iliyokwisha kupata masikio na vidole haitishi kama ile isiyo na sura.

Hata hivyo, nawasihi wenzangu: mchoro wa mtoto si kipimo. Jua jeusi si ushahidi wa huzuni. Pengine penseli za rangi zimepotea. Msiulize, "Hiki ni nini?" Semeni, "Nisimulie picha yako," kisha nyamazeni. Na kabla ya karatasi, pimeni mkojo na sukari. Mtoto aliyerudia kukojoa kitandani, anayekunywa maji mno na kukonda, huenda ana kisukari. Kumcheleweshea kipimo kwa ajili ya tunguri au kwa ajili ya michoro ni hatari ileile. Lilanga mwenyewe alikatwa miguu kwa sababu ya kisukari, akaendelea na sanaa yake.

Vipimo vya mtoto yule vilikuwa safi. Alichora mtumbwi, karabai na watu watatu. Wa nne alimweka chini ya maji, akampa masikio makubwa. Mama yake aliitazama karatasi ile muda mrefu. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumwambia mtoto kwamba baba amezama ziwani. Aliambiwa tu kwamba amesafiri kwenda Kalemie.