Kasi ya wimbi? Kasi ipi?

Nimekuwa kimya majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo narudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Kuna sentensi niliyoisikia sekondari, nikaisikia tena chuo kikuu, na bado naisikia ofisini: "kasi ya wimbi ni masafa mara urefu wa wimbi." Mwalimu anaiandika ubaoni, wanafunzi wanainakili, mtihani unaiuliza, basi. Hesabu yenyewe si uongo. Uongo umo katika lile neno dogo "ya", linalotufanya tuamini kwamba wimbi lina kasi moja tu, kama gari lenye spidomita moja. Halina. Na ukifanya kazi na mawimbi ya aina yoyote, iwe ni faiba, redio au GPS, siku moja sentensi hiyo itakutia hasara. Mimi ilinitia.

Miaka michache iliyopita, nikiwa ndio nimetoka chuo na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nilipata kibarua cha kuandikia wakandarasi fulani programu ndogo. Kazi yao ilikuwa kutafuta mahali faiba ilipokatika. Kifaa wanachotumia kinaitwa OTDR: kinatuma mweko mfupi wa mwanga ndani ya faiba, mwanga unafika palipokatika, sehemu yake inarudi, na kifaa kinapima muda. Programu yangu ilitakiwa ichukue muda huo, iugeuze kuwa kilomita, halafu iweke alama kwenye ramani. Kazi ya jioni moja, nikajiambia. Kuzidisha na kugawanya tu.

Ili kugeuza muda kuwa umbali, sharti ujue mwanga unaenda kasi gani ndani ya kioo. Nikafungua jedwali la fizikia. Kwa mwanga wa nanomita 1550, ambao hutumika sana kwenye faiba za safari ndefu, kioo cha silika kina namba 1.444, yaani kasi ya mwanga kwenye ombwe ugawanye kwa 1.444. Nikaiandika kwenye kodi, na matokeo yake nikayapa jina "kasi". Jina zuri, fupi.

Faiba ikakatika kando ya barabara ya Mombasa. OTDR ikasoma mikrosekunde 607.3, kwenda na kurudi. Programu yangu ikasema kilomita 63.04. Vijana wakachimba. Saa nane mchana, jua kali, fundi mkuu akanipigia simu: "Kijana wa kompyuta, tumechimba mpaka tumechoka. Faiba iko hapa na ni nzima kabisa. Hebu angalia hesabu yako tena." Nikaangalia. Kuzidisha kulikuwa sawa, kugawanya kulikuwa sawa, na ile mizunguko ya akiba inayoachwa kwenye mashimo ya faiba tulikuwa tumeshaitoa. Mahali penyewe palipatikana jioni, kwenye kilomita 62. Zaidi ya kilomita moja nyuma.

Karatasi ya kiwanda iliyokuja na faiba ilikuwa na namba nyingine: 1.4682. Chukua kikokotoo, weka mikrosekunde 607.3 na namba hiyo, utapata kilomita 62 bila shida. Sehemu ndogo ya tofauti ya namba hizi mbili inatokana na kiini cha faiba kuchanganywa jermaniamu kidogo. Lakini kama robo tatu yake inatokana na jambo moja: namba ya jedwali inapima kasi ya vilele vya wimbi, na namba ya kiwanda inapima kasi ya mweko mzima. Wanafizikia huita ya kwanza kasi ya fezi na ya pili kasi ya kundi.

Hapo ndipo watu hukimbilia kalkulasi na kukuachia herufi za Kigiriki. Mimi nasema hapana. Jambo hili linaelezeka kwa vitana viwili vya nywele, na anayekwambia haliwezekani bila kalkulasi huenda naye hajalielewa.

Chukua mawimbi mawili ya bahari, kwenye kina kirefu, yanayoenda upande mmoja. La kwanza lina mita 100 kutoka kilele hadi kilele, la pili mita 121. Kwenye maji ya kina kirefu, wimbi refu huenda haraka zaidi: la mita 100 huenda mita 12.5 kwa sekunde, la mita 121 huenda 13.7. Yawekee mawimbi haya vitana viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, meno ya kimoja yakiwa yamesongamana kuliko ya kingine. Pale meno yanapolingana, vilele vinajumlishana na bahari inainuka. Pale yasipolingana, kilele cha moja kinaangukia bonde la jingine, na maji yanatulia. Pale panapoinuka ndipo kwenye kundi.

Sasa swali: kundi hilo linaenda kasi gani? Nimewauliza wenzangu wengi, na karibu wote hujibu, "Lazima iwe katikati ya 12.5 na 13.7." Jibu la mtu mwenye akili, na ni kosa tupu.

Tuanze pale jino la kitana kimoja linapolingana na jino la kingine. Jino la nyuma yake kwenye kitana cha kwanza liko mita 100 nyuma, na kwenye cha pili liko mita 121 nyuma. Yaani la kitana cha pili limechelewa kwa mita 21. Lakini kitana cha pili kina mbio zaidi, kinapata mita 1.25 kila sekunde, kwa hivyo baada ya sekunde 16.8 jino hilo la nyuma litakuwa limemfikia mwenzake. Sasa mahali pa kulingana pamerudi nyuma jino zima! Katika sekunde hizo 16.8 kitana cha kwanza kimesonga mbele mita 210, toa mita 100 za jino moja, zinabaki 110. Mita 110 kwa sekunde 16.8 ni takriban mita 6.5 kwa sekunde.

Soma tena. Wimbi moja linaenda 12.5, jingine 13.7, na kundi lao linaenda 6.5, polepole kuliko yote mawili. Hakuna msuguano hapo, hakuna upepo wa mbele, ni kulingana kwa meno tu. Ukiyasogeza mawimbi karibu karibu kwa urefu, kasi ya kundi inafika nusu kamili ya kasi ya vilele, na hiyo ndiyo kanuni ya mawimbi ya maji ya kina kirefu. Ukitupa jiwe kwenye bwawa lililotulia na ukatazama kwa makini, utaona vilele vinazaliwa nyuma ya kundi, vinatembea katikati yake, vinafika mbele na kufa. Nishati inakwenda na kundi. Anayengoja mawimbi ya dhoruba ya mbali pwani akakokotoa kwa kasi ya vilele atayatarajia katika nusu ya muda wa kweli.

Nimeshasikia jibu la wenzangu wa kodi: "Hayo ni ya maprofesa, sisi tuna maktaba za programu zinazofanya kazi hiyo." Sawa. Na maktaba hizo nani aliziandika? Tazama GPS kwenye simu yako. Mawimbi yake hupita ionosfera, na huku kwetu karibu na ikweta ionosfera ni nzito. Ndani yake vilele vya wimbi huenda haraka kuliko mwanga kwenye ombwe (ndiyo, haraka kuliko mwanga, na Einstein hana neno, maana kilele peke yake hakibebi ujumbe), lakini kodi iliyobebwa juu ya wimbi huchelewa. Kiasi ni kile kile, mwelekeo ni kinyume. Ukiandika masahihisho ya moja ukayatumia kwa nyingine bila kugeuza alama, hujapunguza kosa, umelizidisha maradufu. Alama moja ya kujumlisha na kutoa! Programa anayejua "kasi ya wimbi" tu hawezi hata kujua pa kuitafuta hitilafu hiyo.

Wala si kosa la wajinga. Miaka ya 1880 Albert Michelson, bingwa wa kupima mwanga, alipima kasi yake ndani ya kimiminika kiitwacho kaboni disulfidi. Alipata umepungua mara 1.76 hivi, wakati majedwali ya kupinda kwa mwanga yalisema takriban 1.64. Majedwali hayakukosea wala Michelson hakukosea. Yeye alipima mwanga uliokatwakatwa kuwa mapigo, kwa hivyo alipima kundi, na Lord Rayleigh ndiye aliyeonyesha tofauti hiyo. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu, kwa sababu ndiyo iliyotupata kwenye barabara ya Mombasa, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuna kundi jingine la wajuaji ambao wakishajifunza jambo hili hutangaza kwamba kasi ya kundi ndiyo "ya kweli" na ile nyingine ni kivuli. Hao nao wananiudhi. Mwaka 2000 watafiti watatu huko Princeton, Marekani (Wang, Kuzmich na Dogariu) walipitisha mapigo ya mwanga kwenye mvuke wa siziamu, ndani ya chombo cha sentimita 6, na kilele cha pigo kikatokea upande wa pili nanosekunde 62 mapema kuliko kingetokea kwenye ombwe. Kasi ya kundi ilikuwa hasi! Magazeti yakapiga kelele kwamba mwanga umepitwa, na kelele hizo bado hunifikia kila baada ya muda kwenye simu, zimesambazwa mara nyingi. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Pigo lao lilikuwa na urefu wa mikrosekunde kadhaa, na mvuke ulikuza sehemu yake ya mbele iliyokuwa imeshafika, ukajenga kilele kipya kutokana nayo. Ncha ya mbele kabisa ya ujumbe, ile ambayo kabla yake hapakuwa na kitu, haipiti kasi ya mwanga, na Sommerfeld na Brillouin walikuwa wameshaonyesha hivyo mwaka 1914. Kwa hivyo kasi ya kundi ni ya kutegemewa pale pigo linapobaki na umbo lake. Kwenye faiba ya kilomita 62 linabaki vya kutosha. Kwenye mvuke wa siziamu kuna jambo jingine.

Ninachodai kwa walimu na waandishi wa vitabu ni kidogo. Msifute ile sentensi, iongezeeni neno moja: kasi ya vilele. Mwanafunzi akiuliza, "Kwani kuna nyingine?", mpeni vitana viwili.

Kwenye programu yangu nilifuta jina "kasi". Sasa kuna majina mawili, kasi_ya_vilele na kasi_ya_kundi, na la kwanza halitumiki popote, nimeliacha ili anayekuja nyuma yangu ashangae na aulize. Fundi mkuu bado hunipigia faiba ikikatika. Siku hizi hanisalimii hata, anaanza moja kwa moja: "Kijana, umesoma karatasi ya kiwanda?"