Wenye tovuti za madini, rekebisheni viungo vyenu

Mkataba wa madini hausomeki peke yake. Kifungu kinakupeleka kwenye kiambatisho, kiambatisho kwenye ramani, ramani kwenye ripoti ya mazingira. Hapa Kongo, amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 20 Mei 2011 inataka kila mkataba wa maliasili utangazwe ndani ya siku 60. Ukitangazwa huku viambatisho vyake havifunguki, wananchi wa Kolwezi wamepewa nusu ya hati.

Nasema haya kwa kuwa nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi huku Manika, Kolwezi, na wajumbe wa kamati za mitaa iliyopakana na migodi huja kwangu kuuliza kampuni iliahidi nini, na imeandikwa wapi. Hivi karibuni mzee mmoja wa kamati aligusa maneno “Kiambatisho cha 3”, yaliyopigwa mstari wa buluu kwenye simu yake. Ukurasa haukupatikana. Nikaisoma anwani herufi kwa herufi, nikaona ndani yake neno “katanga”. Katanga iligawanywa mwaka 2015, nasi tukawa jimbo la Lualaba. Aliyepanga upya tovuti alihamishia faili kwenye folda mpya, akaacha viungo vikielekea kule kwa zamani. Nilipoandika “lualaba” mahali pa neno lile, orodha ya visima aliyokuwa akiitafuta mzee ikafunguka.

Hitilafu hii ni ya kawaida. Kiungo kimeshika mahali faili ilipo, au jina la kichwa cha habari, badala ya namba ya kudumu ya hati. Kichwa kikirekebishwa au folda ikihamishwa, rejeleo linakufa, na mwenye tovuti hana habari.

Sheria yetu wenyewe inaonyesha njia. Sheria ya Madini ya 2002 iliporekebishwa Machi 2018, vifungu vipya viliingizwa bila kuvuruga namba za zamani. Ndiyo maana tuna kifungu cha 258 bis, kinachoitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na cha 285 septies, kinachohusu hati ya majukumu yake kwa wananchi, ile tunayoiita cahier des charges. Kifungu cha 242, kinachogawa mrabaha, kimebaki 242, na barua ya zamani inayokitaja bado inamfikisha msomaji.

Tovuti zifanye vivyo hivyo. Kila hati ipewe namba ya kudumu, isiyobeba jina la jimbo wala la waziri. Faili ikihamishwa, anwani ya zamani impeleke msomaji kwenye mpya. Na kabla ya kutoa toleo jipya, programu ya kukagua viungo ipitishwe kwenye kurasa zote. Zipo hata za bure.

Msituambie twende ofisini. Lubumbashi ni kama kilomita 300 kutoka hapa, na Kinshasa ni tiketi ya ndege. Wengi wanaokuja kibandani hununua mega kidogo kidogo, nazo huishia kwenye kurasa zisizofunguka. Kamati inapokaa na kampuni kujadili majukumu, upande mmoja huja na hati zote mkononi. Wananchi nao wana haki ya kuzisoma zote kabla ya kuingia kikaoni.