Bati kwanza, sabufa baadaye

Ndugu mwandishi, makala yako ya sinema ya nyumbani umeiandika kama vile wote tunaishi kwenye nyumba za kifahari za Masaki, Dar es Salaam. Huku Newala na Masasi pesa ya korosho ikiingia baada ya minada ya Oktoba, watu wananunua TV ya inchi 55 na sabufa, chumba chenyewe hakiguswi.

Adui namba moja wa sauti ni bati. Mvua ya Januari ikishuka, waigizaji wanabaki kuchezesha midomo tu. Dari ya jipsamu haimalizi kelele lakini inazipunguza, na kwa Masasi inasaidia na joto pia. Pili, ukuta wa plasta na sakafu ya vigae. Simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja. Ukisikia mlio unarudi, hata spika za milioni hazitakuokoa. Tundika mapazia mazito, tandika zulia, weka makochi ya kitambaa. Sabufa itoe kwenye kona, la sivyo besi itavuma kama mashine ya kukoboa. Kwa TV hiyo ya inchi 55, kaa kama mita mbili na kitu.

Projekta? Inataka giza, na madirisha yetu ya nondo na wavu hayazuii mwanga. (Wenye vibanda umiza, zile sinema za mtaani, walilijua hilo zamani: maturubai meusi, mabenchi, na sauti ya mtafsiri Lufufu juu ya filamu za Kichina.)

Halafu stabilaiza hukuitaja kabisa. Umeme haui TV unapokatika, unaiua unaporudi.